Chale wa Mabela

Kwetu Unguja angeitwa chale,
kwa vile anavyochekesha akiogelea, mkia huku kichwa kule,
au kwa ile mistari mitatu myeupe,
kazi ya mganga aliyechanja akasahau kupaka masizi.
Muuzaji wa Ruwi, Mkerala, alisema hawa wawili
wamezaliwa ndani ya ndoo, bahari hawaijui.
Shinuna akacheka:
"Basi ni kama watoto wetu na Unguja."

Mwaka mzima tangi lilikaa bila anemoni.
Nikalalama: riyali zote hizi, tunatazama mawe?
Yeye kila Alhamisi anapima chumvi,
jicho moja kwenye kipimo, la pili amelifumba
kama fundi saa. Thelathini na tano, isizidi.
Maji ya mfereji hayaamini; anayachuja
mpaka yanakuwa maji yasiyo na habari yoyote.
"Tangi changa halibebi mgeni wa namna hii.
Ngoja mwani uje, uondoke.
Ngoja mawe yavae zambarau."

Ilipofika ilikuwa kama kitambaa cha kupangusia meza.
Ikatembea.
Nani aliniambia kwamba ua hutembea?
Usiku kucha, kwa unyayo mmoja, kioo hadi kioo,
ikitafuta mwanga wake na mkondo wake,
na Shinuna nyuma yake na tochi nyekundu.
Pampu alishaivisha sponji, na wavu juu ya sponji:
anemoni ya Bi Thuweba, jirani, ilisagwa kama kitunguu,
asubuhi tangi zima likawa maziwa na maiti.

Chale hawakuingia.
Siku kumi na moja wanalala ubavuni mwa kipimajoto.
Nikataka kuwasukuma kwa kijiko. Akanipiga mkono.
"Wataigusa kwa mkia kwanza. Kisha ubavu.
Wajipake ute mpaka iwazoee.
Nyumba ya mtu huingizwi kwa kijiko."
Siku ya kumi na mbili yule mkubwa, jike,
akajilaza kwenye minyiri, akapotea mpaka macho.

Shinuna alifariki mwezi wa Rajabu.
Kwenye kioo zimebaki karatasi zake za gundi:
*Usiongeze samaki.*
*Kamba mbichi, kipande cha ukucha, mara mbili kwa wiki.*
*Ikiachama mdomo siku mbili, itoe kabla haijaoza, usi...onee huruma.*
Herufi moja imelambwa na maji.
Sijui aliandika nisiionee
au nisimwonee yeye.

Julai umeme ukakatika.
Nje arobaini na saba. Ndani ya tangi ishirini na sita,
ishirini na nane, thelathini na moja.
Nikaelea chupa za barafu, vifuniko nimevikaza,
Ghalib wa Bi Thuweba akaja mbio na betri ya gari
na kipampu cha hewa kinachokoroma kama mtoto mwenye mafua.
Saa tisa za usiku taa zikarudi.
Anemoni imesinyaa, zabibu kavu.
Jike yuko juu ya mchanga, ubavu, hapumui.

"Usilie, mzee," Mkerala kwenye simu.
"Dume atageuka. Atanenepa, mpe miezi.
Atakuwa yeye mama wa nyumba."
Nikakata simu bila kuaga.

Sasa chumvi napima mimi. Alhamisi. Jicho moja nimelifumba.
Kamba nakata kwa kipimo cha ukucha,
na mchuzi wa papa haushiki tena sufuria,
ila siku moja moja.
Wiki hii yule dume, kama bado ni dume,
ameniuma kidole nikipangusa kioo.
Hafiki inchi mbili, lakini ananifukuza
kama niliyefunua chungu bila ruhusa.

Anemoni imechanua. Imehama tena,
iko nyuma ya jiwe, upande wa dirisha;
nikiwa kitini pangu siioni.

Nimehamisha kiti.